Ukiomba Mkono Unatikisika

Mimi nilikuwa naomba. Wako watu wanaosema wanaomba, ukiwasikiliza unakuta wanasoma maneno ya kitabu kwa sauti ya mgonjwa. Mimi nilikuwa naomba mpaka mbwa waliolala nje ya kanisa wanaamka na kuondoka. Mtu akifiwa, naitwa. Mvua ikichelewa, naitwa. Kutoka Ilongero hadi Misigiri, ungeuliza ni nani anajua kuomba wangekuelekeza kwangu, wasingekuelekeza kwa mwinjilisti aliyekuwa akilipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Na sikufundishwa na mtu. Shuleni nilikaa kidogo tu, nikajua kusoma polepole na kuandika kwa shida, halafu baba akafa na shule ikafa naye. Nikachunga ng'ombe wa watu. Ujira wangu wa kwanza ulikuwa mtamba mmoja aliyekonda mpaka watu wakamcheka, wakauliza nimepewa ng'ombe au nimepewa ngozi iliyosimama. Mtamba huyo alizaa, na wazao wake walizaa, na waliocheka baadaye walikuja kwangu kuazima maziwa.

Nilipopata ndevu nilichukuliwa na tajiri mmoja Msomali kuswaga ng'ombe zake mpaka Manyoni, kwenye gari moshi. Njia ile yote ni miiba. Kila mswagaji alivaa kibano shingoni, kibano kidogo cha chuma kilichofuliwa na mhunzi, cha kung'olea miiba. Katika kazi hiyo hakuna aliyenifikia. Mwiba ukikatikia ndani ya unyayo, wengine wanachimbachimba mpaka mtu anatukana. Mimi nashika mguu, natazama, navuta mara moja, umetoka. Wenzangu wote walinipa miguu yao, hata yule Msomali mwenyewe, aliyekuwa hapendi kuguswa na mtu. Kibano hicho ninacho mpaka leo.

Kuomba nako nilijifunza njiani na mnadani. Nilibatizwa nikiwa kijana, mke wangu naye alibatizwa, na katika darasa la ubatizo yeye alisoma vizuri kuliko mimi. Lakini alipoambiwa aombe, aliomba maneno matatu akaketi. Mimi nilisimama nikaomba kama dalali anavyouza fahali. Dalali hodari haanzi na bei. Anaanza na sifa: tazama nundu, tazama kwato, tazama mgongo ulivyonyooka. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilimsifu Mungu kwa kila jina nililolisikia na mengine niliyoyatunga. Kisha nikataja ninachotaka, na nilitaja kikubwa kuliko haja yangu, maana mnunuzi lazima apunguze. Mwisho niliweka ahadi. Nililetewa mvua kwa namna hiyo. Nililetewa ng'ombe kwa namna hiyo, tena wengi, mpaka wazee wasio Wakristo wakawa wananiuliza mtu mwenye zizi kama langu anaishije na mke mmoja kama mchungaji wa mbuzi.

Mke huyo mmoja ndiye ninayeandika habari zake hapa. Habari zake na macho yake.

Nilipomwoa alikuwa na macho ya kuona mbali. Ng'ombe akipotelea kwenye yale mawe makubwa yaliyo nyuma ya kwetu, wanaume tunazunguka na fimbo, yeye anasimama juu ya paa bapa la udongo la tembe yetu, anatia mkono juu ya nyusi, anasema yule pale, kwenye ufa, amelala. Na jioni alinisomea Biblia. Mimi naomba, yeye anasoma, ndivyo tulivyogawana.

Sasa, mtu asiyekuwa wa kwetu atashangaa nikisema habari za nzi. Kwetu nzi hawakuwa aibu. Nzi walikuwa ushahidi. Ukiingia kwa mtu usikute nzi, ulijua kuwa hapo hakuna ng'ombe, na pasipo na ng'ombe hakuna maziwa wala heshima. Ng'ombe wangu walilala ndani ya tembe pamoja nasi, upande mmoja wao, upande mmoja sisi, mlango mmoja. Kila mtu mwenye akili alifanya hivyo. Nje kuna fisi, kuna simba, kuna wezi. Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, alimkuta mtoto ameketi mlangoni, nzi wamemjaa machoni na pembeni mwa mdomo. Mimi sikuwapo, maana mama mkwe hatazamani na mkwewe ovyo, lakini niliambiwa kwamba alitabasamu, hata hakuwafukuza. Alisema mwanawe ameolewa penye maziwa.

Nilipoambiwa hivyo nilifurahi kuliko siku niliyobatizwa.

Macho ya mke wangu yalianza kuwasha baada ya uzazi wa pili. Mwanzo tulisema ni moshi. Kisha tukasema ni vumbi, maana upepo wa kwetu wakati wa kiangazi hauna adabu, unabeba shamba la mtu zima zima. Alikuwa anatokwa na machozi akipepeta uwele. Alianza kutembea ameinama, kitenge kimefunika uso, jua lisimpige. Kisha akaacha kunisomea jioni. Aliweka kitabu juu ya mtungi, akasema amechoka.

Nilisimama kanisani nikamwombea. Nilimwomba Mungu ampe macho ya tai, ingawa nilijua haja yake ni macho ya mwanamke wa kupepeta uwele tu. Nikaweka ahadi mbele ya watu wote: akipona, nitatoa dume wangu mweupe. Watu waliguna. Dume yule alikuwa anajulikana. Hata wale watu wa serikali kutoka Boma waliokuja kuhesabu mifugo walisimama kumtazama.

Mvua zikaja, vumbi likatulia, na mke wangu akaacha kulia. Siku ya mavuno nikamleta dume mweupe mpaka mlangoni pa kanisa, amefungwa kamba mpya. Baada ya ibada alinadiwa pamoja na kuku na mayai na vikapu vya mtama, na hakuna mnada wa mavuno uliowahi kuwa na kelele kama ule. Nikashuhudia. Nilisema mke wangu ameponywa, aliyekuwa haoni sasa anaona. Wanaume walipiga makofi. Yeye alikuwa upande wa wanawake, ameinamisha kichwa. Nilidhani ni haya.

Njiani alitembea nyuma yangu mpaka tukavuka korongo. Ndipo akasema, "Baba watoto, nani alikuambia nimepona?"

"Si umeacha kulia?"

"Nimeacha kulia mbele yako."

Nilijipa jibu mwenyewe moyoni, kwamba wanawake hawajui kushukuru.

Kiangazi kilichofuata jicho la kulia lilipata doa jeupe, kama tone la maziwa lililoangukia kwenye mboni. Doa likakua. Kabla mtama haujaisha ghalani, jicho lile halikuwa likiona kitu tena. Nilimkasirikia Mungu waziwazi. Nilimwambia ninachomwambia mnunuzi aliyeondoka na ng'ombe wangu: dume umechukua, umenipa nini?

Hapo ndipo nilipompandisha punda, tukaenda kwenye zahanati ya misheni, mwendo wa kutwa. Muuguzi pale alikuwa Mzungu, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa kama ya mkamuaji. Alimkalisha mke wangu kwenye mwanga, akachukua njiti ya kiberiti, akaukunja ule ukingo wa juu wa jicho, akaniita nitazame. Mimi nimetazama majeraha mengi njiani, hata ya simba, lakini pale nilitaka kuondoka. Ndani palikuwa pamekwaruzika kama ulimi wa ng'ombe. Na kope zilikuwa zimegeuka, zinaelekea ndani. Kila alipofumba na kufumbua, kope zake mwenyewe zilikuwa zinamfagia mboni. Muuguzi alieleza kwamba huo ni ugonjwa wa vikope. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto bado linaona, lakini nalo kope zimeanza kuingia.

Nikauliza dawa. Akasema yuko daktari anayejua kukata ule ukingo na kuugeuza, ila amechukuliwa vitani, na vita havijulikani vitakwisha lini. Mpaka atakaporudi, kope zing'olewe moja moja kila zinapoota. Watu wote wa nyumba wanawe uso kila siku. Kisha akaniuliza ng'ombe wangu wanalala wapi.

Nilimjibu kwa fahari, sikuficha. Nilimwambia ni wengi, na wote wanalala nyumbani.

"Basi hao ndio wanaomla mkeo macho," akasema. "Nzi wao."

Nilimwambia ng'ombe hao nilimwomba Mungu, na Mungu akanipa. Yeye ni mtu wa misheni, anajua maana yake. Alikwenda kwenye beseni akanawa mikono yake mikubwa, polepole, mpaka kwenye viwiko, kama mtu ambaye hakusikia. Nilitoka pale nimetukanwa.

Jirani yangu ni Mwislamu, mzee mwenye ng'ombe wachache na maneno makali. Tulikuwa tunataniana tangu ujana. Alipoona narudi na mke wangu juu ya punda, kitambaa kimefungwa jichoni, alikuja kutupa pole. Nikamweleza yote, nikitegemea acheke pamoja nami habari za kunawa uso wakati maji yenyewe tunachimba mchangani. Hakucheka. Alisema mama yake alikufa mzee sana, na mpaka siku ya kufa alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe.

"Sisi tunanawa kwanza, ndipo tunaomba," akasema. "Ninyi mnaomba kwanza. Labda kunawa mmemwachia Mungu."

Alisema kwa utani, akaniaga, akaenda zake. Lakini utani ule ulikaa ndani yangu kama mwiba ndani ya unyayo.

Kung'oa kope alianza mwanamke mmoja jirani, lakini naye macho yake yalikuwa mabovu, akang'oa zilizonyooka akaziacha zilizopinda. Nikasema, mimi ninaye fundi wa miiba nyumbani, ni mimi mwenyewe. Nikavua kibano shingoni, nikakisugua kwa mchanga na majivu, nikamkalisha mke wangu kwenye kigoda mlangoni, asubuhi, kabla upepo haujaanza. Nikakaa juu ya jiwe, kichwa chake magotini mwangu.

Miaka yote niliyokaa naye sikuwa nimeutazama uso wake karibu namna ile. Ulikuwa umezeeka na sikujua.

Nikaanza kuomba, kama ilivyo desturi yangu, kwa sauti. Nikamsifu Mungu aliyeumba jicho, nikaendelea kwenye mbingu na nyota, huku kibano kinatafuta ukope. Ncha ikamchoma. Alishtuka, machozi yakamtoka, lakini hakupiga kelele. Nikaomba tena, sasa kwa nguvu zaidi, maana niliogopa. Nikamchoma tena.

Alinishika mkono.

"Baba watoto, ukiomba mkono unatikisika. Chagua kimoja."

Nilinyamaza. Si kwa utii. Mimi si mtu wa kunyamazishwa na mwanamke, na watu wote wananijua. Nilinyamaza kwa sababu hilo lilikuwa jicho lililobaki, na mkono ulikuwa wangu. Nikashusha pumzi. Nikaona ukope mmoja mweusi umelala juu ya mboni kama fimbo iliyoanguka majini. Nikaushika, nikavuta. Ukatoka. Nikaona mwingine.

Katika kile kimya nilitafuta maneno yangu yote moyoni, sikuyaona. Nilikuwa nimezoea kumsemesha Mungu mbele ya watu, na watu ndio walionisaidia. Wakiguna naongeza, wakilia naongeza. Pale hapakuwa na wa kuguna. Sifa zote zilionekana kama kelele za mnada uliokwisha watu wamekwenda makwao. Kilichobaki ni neno moja tu, nalo halikuwa hata sala. Nilisema moyoni: mkono, Bwana. Mkono.

Nikavuta. Ukatoka.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi ile kila kope zilipoota. Na kwa kuwa nilikuwa namtazama karibu, niliona nilichokuwa sikioni. Niliwaona nzi. Walikuwa wanatoka kwenye mavi ya ndama, hatua chache kutoka kitandani, wanakuja moja kwa moja kwenye pembe ya jicho, wanakunywa. Ukiwafukuza wanazunguka, wanakwenda kwa mtoto, wanakunywa, wanarudi kwa mama. Nilikaa nikawatazama kwa muda mrefu. Niliwaza juu ya tabasamu la mama mkwe.

Nikajenga zizi nje. Nililijenga mbali na nyumba, la miti na miiba, peke yangu na kijana mmoja wa kibarua, na halikuwa na mfano. Lakini watu walicheka. Walisema mwanamke amefukuza ng'ombe nyumbani ili alale kwa nafasi. Mwinjilisti aliniuliza kama nimeacha kumtegemea Mungu sasa namtegemea yule Mzungu wa zahanati. Mwezi ule wa kwanza fisi alipenya akala ndama wa ng'ombe wangu bora. Nilisimama juu ya mabaki yale na hasira yangu ikapanda, nikageuka kumtazama mke wangu nimwambie haya, umeona. Alikuwa amesimama mlangoni, anatega sikio, hajui ni ndama yupi, kwa kuwa kutoka pale alipo hakuweza tena kuona mpaka zizini.

Nikaongeza miiba.

Kisha ulikuja ukame, ule wa wakati wa vita, ambao watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Uwele ulikauka ukiwa mfupi kuliko goti. Watu walichimba mizizi. Maji yalishuka chini ya mchanga wa korongo mpaka mtu akiwa kisimani unaona kichwa tu, halafu huoni hata kichwa. Wakati kama huo anayetumia maji kunawa uso anaonekana mwendawazimu au mchawi. Mke wangu hakuweza tena kushuka kisimani, angetumbukia. Nikaenda mwenyewe na punda na vibuyu.

Mwanaume wa kwetu hachoti maji, labda awe mjane au kapera, na mimi nilikuwa mwenye zizi. Wanawake waliokuwa foleni walinigeukia niliposhuka. Kisha mmoja, mwenye mdomo, akauliza, "Shikamoo baba. Hivi wewe ulioa au uliolewa?"

Wakacheka wote, hata waliokuwa na njaa. Nikamwambia niliolewa, mahari yangu ilikuwa kubwa, ndiyo maana sina ndugu wa kunichotea. Wakacheka tena, lakini walinipa nafasi. Tangu hapo nilichota, na kila asubuhi nilimimina kidogo kwenye kata ya kibuyu, nikanawa mikono, nikamnawisha mke wangu uso, nikawanawisha watoto, mmoja mmoja, kwa maji yale yale machache. Ng'ombe wakapata yaliyobaki. Walikufa wengi. Wa kwanza kufa alikuwa wa ukoo wa yule mtamba waliyemcheka watu. Ningekuwa nimeacha kunawisha watu nyuso, labda wangepona wawili watatu. Sijui. Jirani yangu Mwislamu, maji yalipokwisha kabisa kwake, alikuwa anatayamamu kwa mchanga kabla ya kuswali, na bado alinipa pole kila nilipopoteza mnyama.

Basi wakati huo wa ukame kanisa liliita siku ya kuomba mvua. Watu walikuja wamekonda, wengine waliletwa. Wote walijua nitaomba mimi. Mwinjilisti aliomba kwanza, watu wakavumilia, wakisubiri. Kisha akaniita.

Nilisimama. Nilikuwa nimetoka kung'oa kope asubuhi ile. Vidole vyangu vilikuwa bado na harufu ya majivu. Nilifungua kinywa nianze na sifa, kama siku zote, nikawaona wale watu walivyonitazama, midomo imepasuka, kama ng'ombe wanavyomtazama mtu aliyebeba kibuyu. Na mimi sikuwa na kibuyu. Sikuwa na dume wa kuahidi. Na hata ningekuwa naye, nilikwishamwahidi mmoja.

Nikasema, "Bwana, tuna kiu. Watoto wanakufa. Wewe unatuona." Nikaketi.

Watu walidhani napumua ili niendelee. Nilipobaki nimeketi, mtu mmoja nyuma akaguna, si mguno wa kuitikia bali ule wa mtu aliyepunjwa. Nje mwinjilisti alinifuata, akaniambia kwa hasira kwamba nimewaombea watu kama mtoto wa shule ya Jumapili, siku ambayo walihitaji mtu mzima. Nilimwambia hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Akasema nimerudi nyuma katika imani kwa sababu ya msiba wa nyumbani kwangu, na ataniombea. Nilimshukuru. Zamani ningempiga.

Mvua haikunyesha wiki ile, wala mwezi ule. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba ni mimi niliyeizuia kwa uvivu wa kuomba.

Jicho la kushoto nilipigana nalo mpaka mwisho wa ukame, na nasema bila haya kwamba hakuna mtu ambaye angelilinda kwa muda mrefu hivyo. Lakini kope zilikuwa zinaota nyembamba, nyeupe, hazionekani mpaka ugeuze uso kwenye jua, na jua ndilo lililomuumiza. Nikitoa hii, ile imekwishakwaruza. Upepo ukaja na vumbi la mashamba yasiyo na kitu. Asubuhi moja nilimkalisha kwenye kigoda, nikaona lile doa. Dogo, kama punje ya uwele. Niliendelea na kazi.

Yeye akauliza, "Limekuja?"

"Limekuja."

Kichwa chake kilibaki magotini mwangu. Mikono yake ilikuwa imeshika pindo la kanga.

"Usiende kuliombea kanisani," akasema. "Usimwahidi mtu kitu. Niombee nisiogope. Tena hapa hapa, usisimame."

Sikusimama. Niliomba pale, kibano mkononi, na sikutoa sauti. Niliogopa kuliko yeye. Ikiwa kuna sala niliyowahi kuomba katika maisha yangu na ikafika, nadhani ni ile, na sikumwomba Mungu chochote ndani yake isipokuwa asituache tumekaa pale peke yetu. Sijui ilikaa muda gani. Jua lilifika kwenye miguu yetu, na yeye akasema ng'ombe wanalia, kafungue.

Aliona mwanga kwa muda, kisha akaona mwanga wakati wa adhuhuri tu, kisha basi. Alijifunza nyumba kwa mikono. Alijifunza uso wa mtoto wetu wa mwisho kwa vidole, huyo hakumwona kabisa. Kitabu kilikaa juu ya mtungi mpaka nilipokitoa mimi. Sasa ni mimi ninayemsomea. Nasoma vibaya, nasukuma neno kwa neno kama mtu anayeswaga kundi lililochoka, na yeye anajua mistari mingi kwa moyo, hivyo ananitangulia, anangoja mbele, ananiita.

Vita vilipokwisha nilimpandisha tena kwenye punda. Daktari alikuwa amerudi. Alitazama macho yote mawili, akaniuliza ni nani aliyekuwa anang'oa kope. Nikasema ni mimi, akasema kazi ni nzuri. Halafu akasema kukata ni kwa ajili ya jicho linaloona, na wanaongoja ni wengi. Tukarudi.

Watu hudhani jicho likifa na maumivu yanakufa. Si hivyo. Kope zinaendelea kuota, zinaendelea kugeuka ndani, zinaendelea kuchoma jicho lisiloona kitu. Kwa hiyo mpaka leo, ninapoandika haya, ng'ombe wamerudi kuwa wengi kuliko mwanzo na wote wanalala nje, nakaa juu ya jiwe lile lile asubuhi na kichwa chake magotini. Mkono, Bwana. Siombi tena macho. Niliyaomba, nayo hayakuja, na Mungu anajua kwamba nilimwambia. Namwomba kazi ya asubuhi hiyo tu.

Watoto wetu wawili wakubwa nao wana mikwaruzo ndani ya macho. Hao waliketi mlangoni na nzi. Wa mwisho bado hana kitu; nageuza ukingo wa macho yake kwa njiti kila mwezi, ananitukana kimoyomoyo, namwona.

Habari zilienea. Sasa wanawake wanakuja kutoka mbali, wengine wakiongozwa kwa fimbo, wananitafuta mimi, si kwa kuomba tena bali kwa kibano. Na niseme ukweli: nchi hii yote hakuna mkono kama wangu. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mtu mzima, jicho moja limekwisha, la pili limejaa kope. Mke wangu alikuwa ameketi ndani karibu na mlango, akasikia hodi, akamwambia anawe kwanza, maji yako kwenye kata. Yule mama akanawa. Alipolaza kichwa akaniambia kwamba aliwahi kunisikia zamani, siku ya mavuno, siku ya dume mweupe. Akasema hajapata kusikia mtu akiomba vile. Akaniomba nimwombee hivyo kabla sijaanza, kwa sauti, naye aponywe kama mke wangu alivyoponywa.

Kutoka ndani nilimsikia mke wangu anacheka, cheko dogo ambalo sikuwa nimelisikia miaka mingi.

"Mama, tulia hivyo hivyo," akamwambia. "Akiomba huyo, mkono unatikisika."

Yule mama akatulia. Niligeuza uso wake kwenye jua. Doa lilikuwa limekwishaanza kwenye jicho la pili.